Barua ya Kuacha Kazi Ianzie Nyumbani



Tangu niache kazi ya uhasibu na kuanza kushona sare za shule hapa Dar es Salaam, swali ninaloulizwa kila mara ni moja: mtaji ulipata wapi? Wananiuliza vijana waliomaliza chuo, wananiuliza akina mama wenzangu wa kikoba, hata wateja wanaokuja kumpimisha mtoto sketi huniuliza huku futi iko kiunoni mwa mtoto. Ni swali la haki, nami hulijibu. Ila sijapata kuulizwa mume wangu alisema nini siku nilipomwambia nataka kuacha kazi. Nami naona habari yote iko hapo. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya kuacha kazi, na nitapita kwenye mambo mawili ninayoyapenda, sinema na michezo, kwa sababu watu wengi humo ndimo walimojifunza kuacha kazi, na wengine wamejifunza vibaya.

Nianze na sinema. Ukienda kwenye semina za ujasiriamali, mara nyingi utaonyeshwa kipande cha The Pursuit of Happyness, ile ya mwaka 2006 aliyocheza Will Smith na mwanawe Jaden. Utaonyeshwa pale baba na mtoto wamelala chooni kwenye kituo cha treni, baba amezuia mlango kwa mguu, watu wanagonga nje, machozi yanamtoka. Ukumbini watu wanalia, nami nimelia. Halafu mtoa mada anasimama na kusema: mnaona? Mwenzenu alithubutu. Na ninyi thubutuni, acheni kazi.

Msikilizaji, naomba uitazame tena sinema hiyo, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Chris Gardner, yule baba, hakuacha kazi. Alikuwa anaitafuta. Sinema inapoanza, tayari ni mfanyabiashara, na biashara ndiyo imemfikisha pabaya: akiba ya nyumba yote imeingia kwenye mashine za kupima mifupa ambazo hospitali nyingi haziwezi kuzinunua au hazizihitaji. Anazunguka nazo mkononi San Francisco nzima. Kinachomwokoa ni kupata nafasi ya mafunzo kwenye kampuni ya udalali wa hisa, mafunzo ambayo kwenye sinema hayana malipo, na mwisho wake furaha yote ni kuambiwa kwamba ameajiriwa. Gardner mwenyewe, mtu wa kweli, alifungua kampuni yake huko Chicago mwaka 1987, baada ya miaka ya kufanya kazi hiyo kwa waajiri. Alipoondoka alikuwa anaijua kazi, anawajua wateja, anajua pesa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Kuna jambo jingine ndani ya sinema hiyo ambalo kwenye semina hulisikii. Yupo mke, anaitwa Linda. Anafanya kazi zamu mbili, kodi ya nyumba imelala, gari limechukuliwa kwa faini ambazo hazikulipwa, na mwisho anaondoka. Nimesikia watu wakimtukana mwanamke yule, wakimwita mke wa raha tu. Mimi siwezi kumtukana. Sinema inaanza pesa zimeshatoka, mashine zimeshajaa chumbani, na yeye ndiye anayebeba nyumba mabegani. Unapomtazama uso wake pale anaporudi kutoka kazini, amechoka, halafu anaambiwa leo mauzo hayakupatikana tena, unaelewa kwamba biashara inaweza kuvunja nyumba muda mrefu kabla haijafilisika yenyewe.

Na hata baada ya hapo, Gardner anapoanza kupata nafuu kidogo, serikali inamchukulia kodi aliyokuwa anadaiwa moja kwa moja kutoka benki, anabaki na dola 21 na senti chache. Siku nilipofungua karakana yangu nilikumbuka dola zile. Nilichukua namba ya mlipa kodi TRA, nikasajili jina la biashara BRELA, nikaomba leseni halmashauri, kabla sijanunua jora hata moja la kitambaa.

Sasa twende kwenye michezo. Septemba 15, mwaka 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia. Nadhani wengi mliiona. Aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, wakiwa wamekimbia kilomita 42 na ushee, na mshindi akapatikana kwa picha ya mstari wa mwisho. Wote wawili waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Dhahabu ikaja Tanzania, ya kwanza kwetu katika mashindano hayo. Nyumbani kwetu tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Watu walizungumza sana juu ya zile hatua za mwisho. Mimi nilifikiria miaka iliyotangulia. Simbu alikuwa wa 5 kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Alipata shaba ya dunia London mwaka 2017. Kutoka shaba ile mpaka dhahabu ya Tokyo ni miaka 8, na katikati yake kuna mashindano ambayo hakuna aliyempigia kelele. Jambo ninalotaka ulishike ni kwamba Simbu ni askari wa Jeshi la Wananchi. Ni mwajiriwa. Filbert Bayi naye alikuwa askari wa jeshi hilohilo. Hawa wanariadha tunaowatolea mfano wa kuthubutu walikuwa na mshahara, na mshahara ule ndio uliowanunulia muda wa kufanya mazoezi. Hakuna aliyewaambia waache jeshi kwanza ndipo waonekane kwamba wana nia na mbio.

Na kwa kuwa nimemtaja Bayi, niruhusu nikae kwake kidogo, maana baba yangu alitulea kwa habari zake. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, mita 1500 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola. Wakati ule wakimbiaji wa mbio za kati walikuwa wanaviziana, wanasubiri mzunguko wa mwisho. Yeye aliondoka peke yake, akawaacha mbali, na wengi wakaamini ataishiwa pumzi. Mwenyeji wao John Walker akamfukuza kwenye ngwe ya mwisho, uwanja mzima unamshangilia Walker. Hakumpata. Dakika 3, sekunde 32 na nukta 16, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe, aliyekuwa wa pili, naye alikwenda chini ya rekodi ya zamani.

Aliyezitazama mbio zile siku moja tu anaweza kusema kijana yule alijitosa. Kocha yeyote wa riadha atakuambia kwamba huwezi kuongoza mita 1500 zote bila kuujua mwendo wako vizuri kabisa. Bayi alijua mwili wake utaumia wapi na utashika wapi, na alijua hivyo kwa sababu alikuwa ameshaumia sana mazoezini, mahali ambapo hakuna saa ya dunia.

Halafu likaja jambo lisilo mikononi mwake. Mwaka 1976 dunia ilisubiri Bayi na Walker wakutane tena Montreal. Nchi nyingi za Afrika, na Tanzania ikiwamo, zilisusia Olimpiki ile kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker akachukua dhahabu, Bayi akabaki nyumbani. Alirudi mwaka 1980, Moscow, kwenye mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akapata fedha. Na baadaye yeye na mkewe, Anna, wakaanzisha shule ambazo leo zina jina lake. Zingatia hapo: yeye na mkewe. Mimi ninaposhona sare za watoto huwa nafikiria sana watu hawa wawili, na miaka mingi ambayo mtu anaweza kukaa akifanya jambo moja vizuri halafu akafungua jingine pamoja na mwenzake.

Nije nyumbani kwangu sasa.

Mume wangu ni Simba. Mimi ni Yanga tangu utotoni. Ndugu zetu waliona ndoa hii haitakuwa na amani kila Simba na Yanga zinapokutana, nasi tukaweka sheria moja mapema: mechi ikiisha, hakuna maneno mpaka chakula cha usiku kiishe. Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, tulifungwa 2 kwa 1 nyumbani, tukaenda Algiers tukashinda 1 kwa 0, na kombe likabaki kwa USM Alger kwa sababu ya magoli ya ugenini. Nililia. Mume wangu alinyanyuka, akapunguza sauti ya televisheni, akaniletea chai, akakaa kimya. Mwaka 2025 zamu ikawa yao. Simba walifungwa 2 kwa 0 Berkane, wakatoka sare ya 1 kwa 1 pale Amaan, Zanzibar. Chai nikaipika mimi.

Nakueleza haya kwa sababu kushindwa mbele ya mwenzako ni jambo la kujifunza, na sisi tulilifanyia mazoezi kwenye mpira kabla halijatufika kwenye pesa. Biashara itakufunga. Utarudi nyumbani siku ambayo umepoteza, na uso wa mtu atakayekufungulia mlango ndio utakaoamua kama kesho utaamka uende tena.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nataka kuacha kazi, hakusema ndiyo na hakusema hapana. Aliuliza: "Mama, mshahara wako unalipa nini humu ndani?" Tukachukua daftari la mtoto, tukaandika. Ada ya mtoto wa pili. Umeme. Dawa za mama yangu. Hisa za kikoba. Nauli yangu mwenyewe. Tukagundua pia kitu ambacho hakikuwa kinapita mikononi mwetu: bima ya afya ya familia ilikuwa inatoka kwa mwajiri wangu. Baada ya hapo tukakubaliana jambo ambalo hadi leo naliona ndilo lililotuokoa. Tulianza kuishi kwa mshahara wake peke yake, wangu ukawekwa pembeni mzima, huku mimi bado naenda ofisini kila siku. Tuliona kama tunaweza. Miezi ya mwanzo hatukuweza. Tukapunguza, tukabishana, tukapunguza tena. Barua yangu ilipofika kwa mwajiri, nyumba ilikuwa imeshazoea.

Mama mkwe aliposikia alipiga simu usiku uleule. "Mwanangu, wamekufukuza?" Kwa mama wa umri wake, mtu mwenye akili haachi kazi ya ofisini kwenda kukaa kwenye cherehani. Kabla sijajibu, mume wangu akaichukua simu: "Mama, hili tulilipanga wote wawili." Maneno hayo machache yalinipa nguvu ambayo mtaji wowote usingenipa. Laiti angesema, "Ni yeye tu mama, mimi nilimkataza," kila mwezi mbaya ungekuwa kesi ya ukoo mzima.

Na miezi mibaya ipo. Sare za shule huuzwa Desemba na Januari, zinasogea kidogo katikati ya mwaka shule zinapofungua, na miezi mingine mashine zinalala. Mafundi nawalipa kwa kipande, lakini kodi ya fremu haijui kipande. Bei nayo ina mtego wake: asiyejua kazi hii hutazama sketi ya marinda akaona kitambaa kidogo. Ikunjue uone. Rinda likikunjwa sawasawa, kitambaa kinalala mara tatu, kwa hiyo kiuno cha inchi 24 kinakula inchi 72 za kitambaa, na hapo hujaweka pindo wala mshono. Anayepanga bei kwa kuitazama sketi ikiwa imeshakunjwa atauza sana Januari, wateja watajaa mlangoni, na Machi hatajua pesa zilikwenda wapi.

Kuna shule moja ilinipa oda kubwa, mashati, kaptura, sketi, nembo za kudariziwa mfukoni. Tukashona usiku na mchana. Malipo yakaja nusu, na nusu nyingine ikawa ni njoo kesho, mhasibu hayupo, mkurugenzi amesafiri. Mafundi wanadai, Kariakoo nadaiwa majora. Hapo ndipo wale wakopeshaji wa kausha damu wanapokufuata. Hawana haja ya kukutafuta mbali, kadi zao zimebandikwa kwenye kila nguzo ya mtaa. Pesa unapata siku hiyohiyo, na rejesho linaanza kabla hujavuta pumzi. Nimeona wanawake wenzangu wakinyang'anywa majokofu na magodoro watoto wakitazama. Nimeona waliokimbia nyumba zao. Inaniuma sana, kwa sababu wengi wao walikuwa wanafanya biashara nzuri, walikosa tu mtu wa kumwambia ukweli siku ile ya kwanza. Mimi niliporudi nyumbani nilimweleza mume wangu kila kitu, mpaka shilingi ya mwisho. Alikaa kimya kama vile Yanga imefungwa. Baada ya chakula tukakaa na daftari, tukauza cherehani moja isiyokuwa ya lazima, mafundi wakalipwa.

Hapa niseme na wanaume, kwa heshima zote. Wapo baba zetu na kaka zetu ambao biashara ya mke ikianza kusimama, wanaondoa mkono kwenye matumizi ya nyumba. Unga ukiisha, "mwambie mama yako ana duka." Ada ikifika, "mama yako anauza." Mwanamke anachukua kwenye droo leo elfu kumi, kesho elfu ishirini, na hatimaye mtaji umeliwa mezani na wote mlishiba. Halafu anaambiwa hajui biashara. Nyumba ikila mtaji, nyumba yote ndiyo iliyoshindwa, na ni dhuluma kumwachia mmoja lawama.

Na ninyi ambao hamjaoa wala kuolewa, msidhani hayawahusu. Mwenza wa jambo hili anaweza kuwa dada, mama, rafiki mnayeishi chumba kimoja na kugawana kodi. Yeyote ambaye maisha yake yatatikisika mshahara wako ukikatika ana haki ya kujua kabla haujakatika.

Ipo sinema nyingine ambayo naipenda kuliko ile ya San Francisco, na iko kwa jirani zetu. Queen of Katwe, ya mwaka 2016, aliyoiongoza Mira Nair, juu ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyekuwa akiuza mahindi na akawa bingwa wa sataranji. Watu humtazama Phiona, na Lupita Nyong'o aliyecheza mama yake, na wote wawili wanastahili. Mimi namtazama mwalimu, Robert Katende. Ni msomi wa uhandisi, anafundisha watoto wa mtaani sataranji kwa ujira mdogo, na kwenye sinema anaipata kazi ya uhandisi yenye mshahara wa maana. Ana mke na mtoto mchanga. Anazungumza na mkewe, naye mkewe anamuunga mkono abaki na wale watoto.

Hakuna muziki mkubwa hapo, hakuna kulala chooni. Ni mume na mke wanaongea nyumbani kwao, na mkondo wa maisha ya watoto wengi unabadilika. Laiti kwenye semina zetu wangeonyesha kipande hicho. Kinafundisha kwamba mtu anaweza kuikataa kazi nzuri kwa sababu njema, na kwamba sababu hiyo inakuwa na miguu pale wa nyumbani wanapoikubali.

Muda wangu unakwenda ukingoni, kwa hiyo kwa wewe ambaye barua umeshaiandika, nikwambie mambo ya kawaida kabisa ambayo watu huyasahau. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28. Itoe, ifanyie kazi yote, ondoka vizuri, kwa sababu mwajiri wa jana anaweza kuwa mteja wa kesho. Nenda mwenyewe kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii uulize michango yako itakuwaje, usitegemee maneno ya vijiweni; aliyeacha kazi kwa hiari yake hahesabiwi sawa na aliyepunguzwa. Ulizia bima ya afya, hasa kama una watoto wadogo au mzazi mgonjwa. Na kama bado mshahara unaingia, usione haya kuubakiza huku biashara ikijaribiwa jioni na wikendi.

Nawe unayeishi na mtu huyo, ombi langu la mwisho ni kwako. Akikuletea habari hii usiku wa leo, usimcheke na usimpigie makofi upesi. Zima televisheni, leta daftari, muulize mshahara wake unalipa nini humo ndani, na uandike naye mpaka mmalize.